Usingizi wa Kwenye Chupa

Oktoba 1989 madaktari wachache wa Santa Fe na Los Alamos, katika jimbo la New Mexico nchini Marekani, walikuwa na wagonjwa watatu, wote wanawake, na ugonjwa usiokuwa na jina. Misuli iliwauma maumivu ya kumlaza mtu kitandani. Damu yao ilipopimwa, chembe nyeupe ziitwazo eosinofili zilikuwa zimefurika: kwa mtu mzima mwenye afya hazizidi 500 hivi katika mikrolita moja ya damu, kwao zilihesabiwa kwa maelfu. Daktari wa Mwanza au Kisumu akiletewa majibu ya namna hiyo huwaza kwanza minyoo na kichocho. Kule minyoo haikuonekana.

Fumbo lilianza kufumbuka madaktari walipolinganisha maelezo ya wagonjwa wao. Wote watatu walikuwa wakimeza vidonge vya triptofani, asidi amino iliyouzwa bila cheti cha daktari katika maduka ya vyakula vya afya, rafu moja na vitamini. Tarehe 7 Novemba gazeti la Albuquerque Journal likatoa habari iliyoandikwa na Tamar Stieber, mwandishi wake, na baada ya hapo taarifa zikaanza kumiminika kutoka majimbo mengine. Tarehe 11 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ikawaonya wananchi. Tarehe 17 ikataka vidonge viondolewe madukani. Mwaka uliofuata Stieber akapewa tuzo ya Pulitzer.

Hesabu ilipokuja kufungwa, wagonjwa walioripotiwa walizidi 1,500 na waliokufa hawakupungua 37. Wengine walipona kwa miezi. Wengine walibaki na ngozi iliyokakamaa na mishipa ya fahamu iliyoharibika. Ugonjwa ukapewa jina refu linalotaja eosinofili na maumivu ya misuli, na kwa kifupi ukaitwa EMS.

Kidonge kilichofanya hayo kilikuwa na sifa zote ambazo mnunuzi wa dawa za asili huzitafuta. Triptofani haikubuniwa na mtu. Imo kwenye yai, maziwa, samaki, maharage, karanga, ufuta na mbegu za maboga. Ni mojawapo ya asidi amino 20 zinazojenga protini za mwili, na mojawapo ya zile tisa ambazo mwili wa binadamu hauwezi kuzitengeneza, lazima ziingie kwa chakula. Mahitaji yake ni madogo: Shirika la Afya Duniani linakadiria miligramu 4 kwa kila kilo ya uzito wa mtu mzima kwa siku, yaani kama miligramu 240 kwa mtu wa kilo 60. Mlo wa kawaida wenye protini ya kutosha hukipita kiwango hicho bila taabu.

Ilipatikana Cambridge, Uingereza, mwaka 1901, na iliyosaidia kupatikana kwake ni kemikali chafu. Wanafunzi wa wakati ule walifundishwa kipimo cha protini kilichoitwa cha Adamkiewicz: changanya protini na asidi asetiki, ile inayoipa siki ukali wake, ongeza asidi ya salfa, na rangi ya zambarau itajitokeza. Katika darasa la Frederick Gowland Hopkins kipimo cha mwanafunzi mmoja, John Mellanby, kikagoma. Hopkins akafuatilia, na akakuta kwamba asidi asetiki ikiwa safi kabisa haileti rangi yoyote. Rangi ililetwa na kitu kingine, asidi ya glioksili, iliyokuwa imejificha kidogo sana ndani ya asidi asetiki isiyosafishwa vizuri. Swali likahamia upande wa pili: ndani ya protini kuna nini kinachokutana na asidi hiyo na kuzaa zambarau? Pamoja na mwenzake Sydney Cole, Hopkins akakitenga kitu hicho kutoka kasini, protini ya maziwa. Ndiyo triptofani.

Miaka mitano baadaye, yaani 1906, Hopkins na Edith Willcock waliwalisha panya zeini, protini kuu ya mahindi, ambayo haina triptofani. Panya wakadhoofika na kufa. Wenzao walioongezewa triptofani kwenye zeini ile ile waliishi muda mrefu zaidi. Jaribio lenyewe lilikuwa dogo, lakini kwa sisi tunaokula ugali lina uzito wake. Lilionyesha mapema kabisa kwamba shibe ni jambo moja na lishe ni jambo lingine, na kwamba punje ya mahindi ina pengo.

Pengo hilo lilikuwa limekwisha kula watu kwa karibu karne mbili. Mwaka 1735, huko Asturias kaskazini mwa Hispania, daktari Gaspar Casal aliwaona maskini waliokuwa wakiishi kwa mahindi wakitoka ukurutu mwekundu shingoni na mikononi, mahali panapopigwa na jua. Ugonjwa huo, pelagra, huanza kwenye ngozi, ukaenda tumboni kwa kuharisha, ukaishia kwenye akili, na usipotibiwa huua. Ulifuata mahindi popote yalipokwenda kuwa chakula cha pekee cha maskini: Italia, Romania, Misri, kusini mwa Marekani. Mexico, nyumbani kwa mahindi, hawakuugua kwa kiasi hicho, kwa sababu tangu zamani wenyeji walichemsha punje kwa maji ya chokaa kabla ya kusaga, na chokaa huifungua niasini, vitamini ambayo upungufu wake huleta pelagra, iliyofungwa ndani ya punje. Mahindi yalivuka bahari. Utaalamu wa chokaa haukuvuka nayo.

Huko kusini mwa Marekani pelagra iliua watu wapatao 100,000 katika miongo minne ya mwanzo ya karne ya ishirini. Mwaka 1914 serikali ilimtuma daktari Joseph Goldberger kuchunguza. Wakubwa wengi waliamini ni ugonjwa wa kuambukiza; Goldberger aliona kwamba katika hospitali za wagonjwa wa akili na vituo vya mayatima waliougua ni waliolala humo, kamwe si wafanyakazi waliowahudumia, na tofauti iliyokuwepo ni sahani. Ili kuwanyamazisha wabishi, yeye na mkewe na wenzake walijidunga damu ya wagonjwa na kumeza vitu ambavyo havifai kutajwa mezani. Hakuna aliyeugua. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem wa Chuo Kikuu cha Wisconsin akaonyesha kwamba niasini huponya ugonjwa kama huo kwa mbwa, na 1945 yeye na wenzake wakaunganisha nyuzi mbili: mwili hujitengenezea niasini kutoka kwenye triptofani, kwa uwiano uliokadiriwa baadaye kuwa takriban miligramu 60 za triptofani kwa miligramu moja ya niasini. Mla mahindi matupu hupungukiwa na vyote viwili kwa mpigo.

Mpaka hapo triptofani ilikuwa habari ya njaa. Namna ilivyogeuka kuwa habari ya usingizi ni hadithi nyingine.

Mwaka 1948 watafiti wa Cleveland, Marekani, walitenga kutoka kwenye damu kemikali waliyoiita serotonini. Baadaye ikaonekana imo pia kwenye ubongo, ina mkono katika hali ya moyo na usingizi, na malighafi yake ni triptofani. Kutoka serotonini mwili hutengeneza melatonini, homoni ya usiku, iliyotengwa mwaka 1958 na Aaron Lerner wa Yale. Ramani ikawa wazi na ya kuvutia: meza triptofani, ubongo utapata serotonini, giza likiingia utapata melatonini. Uingereza, Alec Coppen na wenzake waliripoti mwaka 1963 kwamba triptofani huipa nguvu zaidi aina fulani ya dawa za sonona. Huko Boston, katika miaka ya 1970, Ernest Hartmann alipima usingizi wa watu waliomeza gramu moja ya triptofani na kukuta wanalala mapema kidogo. Faida ilikuwepo, ila ya wastani, na ilionekana zaidi kwa wenye tatizo dogo.

Ramani hiyo ilikuwa na kikwazo ambacho maelezo ya kwenye chupa hayakukitaja. Triptofani haiingii kwenye ubongo peke yake. Inagombania mlango mmoja na asidi amino nyingine, na ndani ya protini yoyote ya kawaida hao washindani ni wengi kuliko yenyewe. John Fernstrom na Richard Wurtman wa MIT walionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwamba wanga ndio unaoifungulia njia, kwa sababu insulini huwaondoa washindani kwenye damu na kuwapeleka kwenye misuli. Wamarekani wana imani kwamba nyama ya bata mzinga huwalaza siku ya sikukuu yao ya Shukrani kwa sababu ya triptofani. Bata mzinga hana triptofani nyingi kumshinda kuku. Kinachowalaza ni sahani tatu.

Hata hivyo biashara ilishamiri. Mwaka 1976 bunge la Marekani lilipitisha mabadiliko ya sheria yaliyopewa jina la seneta William Proxmire, yakiizuia FDA kuweka kikomo cha nguvu ya vitamini na madini kwenye vidonge vya lishe. Hali ya nchi ilikuwa hiyo: wapenzi wa virutubisho walijipanga vizuri, na serikali ilijifunza kukaa mbali. Watu walinunua triptofani kwa kukosa usingizi, kwa maumivu ya kabla ya hedhi, kwa huzuni isiyoisha. Wengi walitumwa na madaktari wao wenyewe, waliokuwa na sababu ya maana: vidonge vya usingizi vya zama zile viliwafanya watu kuwa watumwa wake. Wapo waliomeza gramu mbili, tatu, hata zaidi kila siku, ambayo ni zaidi ya mara nane ya mahitaji ya mwili.

Unga wa kutosheleza kiu hiyo ulitoka Japani. Haikuwa bahati nasibu. Mwaka 1908 Kikunae Ikeda wa Tokyo alikuwa ametenga glutamati kutoka kwenye mwani, na mwaka uliofuata ikaanza kuuzwa kwa jina la Ajinomoto, kiungo kinachojulikana hadi vibanda vya chakula vya Afrika Magharibi. Mwaka 1956 watafiti wa kampuni ya Kyowa Hakko wakapata bakteria wa udongoni anayetema glutamati kwa wingi akilishwa sukari. Tangu hapo Wajapani wakawa mabingwa wa kuchachusha asidi amino: bakteria, matangi makubwa, molasi, kisha kuchuja na kukausha. Kufikia miaka ya 1980 triptofani iliyouzwa Marekani ilitengenezwa na makampuni sita, yote ya Japani, na muuzaji mkubwa kuliko wote alikuwa Showa Denko.

Ndiyo maana wachunguzi wa EMS walipoanza kazi, walikuwa na njia nyembamba ya kufuata. Majina ya chupa yalikuwa mengi mno, lakini nyuma ya majina hayo walikuwepo watengenezaji sita tu. Wataalamu wa Idara ya Afya ya Minnesota na wenzao wa Oregon walichukua chupa za wagonjwa, wakasoma namba za toleo, wakafuata karatasi za mauzo kutoka dukani hadi kwa mfungashaji, kutoka kwa mfungashaji hadi kwa mwagizaji, na kutoka huko hadi kiwandani. Wakafanya vivyo hivyo kwa chupa za watu waliomeza triptofani na wasiugue. Minnesota, kati ya wagonjwa 30 ambao chanzo cha vidonge vyao kilijulikana, 29 walikuwa wametumia unga wa Showa Denko. Kwa wasiougua walikuwa asilimia 60. Oregon nayo ilipata picha ya namna hiyo hiyo.

Kisha ikaja sehemu ya kushangaza. Unga ulioshukiwa ulikuwa safi kwa asilimia 99.6, juu ya kiwango cha asilimia 98.5 kilichotakiwa na kitabu cha viwango vya dawa cha Marekani. Kwa mujibu wa karatasi, haukuwa na kasoro. Mashine za kupima kemikali zilipochora kilichobaki, zile sehemu nne katika elfu, zilionyesha zaidi ya vilele 60 vidogo, kila kilele kitu kigeni kimoja. Sita kati ya hivyo vilihusiana na matoleo yaliyowaletea watu ugonjwa. Maabara moja ilikiita kimojawapo Kilele E, nyingine ilikiita Kilele 97. Ikaja kugundulika ni kitu kimoja, molekuli mbili za triptofani zilizoshikana. Kilele kingine kilifanana na kemikali iliyohusishwa na mkasa wa Hispania wa mwaka 1981, ambamo watu wapatao 20,000 waliugua na zaidi ya 300 kufa baada ya kula mafuta ya kupikia yaliyochanganywa na mafuta ya viwandani. Wahispania wale nao walikuwa na eosinofili nyingi na misuli yenye maumivu.

Kiwandani nako kulikuwa na la kueleza. Desemba 1988 Showa Denko ilianza kutumia kizazi kipya cha bakteria, waliobadilishwa jeni ili watoe triptofani nyingi zaidi. Mwanzoni mwa 1989, katika hatua ya kusafisha, mkaa wa kuchujia ulipunguzwa kutoka kilo 20 hadi 10 kwa kila mkupuo, na sehemu ya unga ilirukishwa chujio jingine. Mabadiliko mawili yalitokea karibu wakati mmoja, na hapo wapinzani wa uhandisi jeni wakashika la kwanza, watetezi wake wakashika la pili, wakabishana miaka mingi kwa sauti kubwa kuliko ushahidi. Ushahidi haujawahi kuwatenganisha kikamilifu. Wala hakuna kilele hata kimoja kilichothibitishwa kuwa ndiye muuaji pekee, maana jaribio la kuuzalisha ugonjwa wote kwa mnyama wa maabara halikufaulu vizuri. Wapo pia wanaosema kiwango kikubwa cha triptofani chenyewe kilikuwa na mchango, kwa kuwa visa vichache vilipatikana kabla ya 1989 na vingine baada yake. Kilicho hakika ni kidogo lakini kinatosha: wingi wa wagonjwa ulitoka kwenye tangi la kampuni moja, na ulikoma chupa zilipoondolewa.

Kampuni ililipa fidia kubwa kwa maelfu ya walalamikaji. Machi 1990 wito wa kuondoa vidonge ulipanuliwa hadi karibu kila bidhaa ya triptofani. Uingereza, ambako ilikuwa ikiandikwa na madaktari kama dawa ya sonona kwa jina la Optimax, nako ilisimamishwa. Iliporudi mwaka 1994 ilikuwa kwa wagonjwa wachache wa sonona sugu, chini ya uangalizi wa hospitali.

Mwaka huo huo wa 1990, wakati Wamarekani wakizirudisha chupa, kusini mwa Malawi watu walikuwa wakiugua kwa sababu iliyo kinyume kabisa. Vita vya Msumbiji vilikuwa vimewavusha mpaka mamia ya maelfu ya wakimbizi, na chakula chao kikuu cha msaada kilikuwa mahindi. Karanga zilizokuwa kwenye mgao ndizo zilizoziba pengo la niasini. Ugawaji wa karanga ulipokatika, pelagra ikaingia kambini: wagonjwa karibu 18,000 waliorodheshwa mwaka huo, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume. Ulikuwa mmojawapo wa milipuko mikubwa ya pelagra kuwahi kuripotiwa tangu Vita vya Pili vya Dunia. Casal angeitambua ile alama ya shingoni mara moja, na Goldberger angejua pa kuangalia: gunia lililokosekana. Habari hiyo haikumletea mtu tuzo yoyote.

Marekani haikuchukua mkasa wa triptofani kama sababu ya kukaza kamba. Mwaka 1994 bunge lilipitisha sheria ya virutubisho, ikisukumwa na maseneta Orrin Hatch wa Utah na Tom Harkin wa Iowa, na sheria hiyo ndiyo inayotawala hadi leo. Asidi amino, mitishamba na vitamini ziliwekwa upande wa chakula. Mtengenezaji hahitaji kuthibitisha kwa FDA kwamba bidhaa yake inafanya kazi kabla ya kuiuza. Mamlaka huingia baadaye, madhara yakishaonekana. Triptofani yenyewe ilibaki kuzuiwa kwa miaka kadhaa kupitia masharti ya uagizaji, na kuanzia 2001 masharti yakalegezwa. Sasa ipo tena madukani na mtandaoni, na kwa wakala wa usafirishaji inafika Dar es Salaam au Nairobi kama mzigo mwingine wowote.

Katika miaka ile ya marufuku soko lilijitafutia mrithi. Aliitwa 5-HTP, hatua moja mbele ya triptofani kwenye njia ya kwenda serotonini, na hutolewa kwenye mbegu za kichaka cha Afrika Magharibi, Griffonia simplicifolia, zinazookotwa msituni Ghana na nchi jirani. Mmea, msitu, Afrika: muuzaji gani angetaka zaidi? Mwaka 1998 watafiti wa Mayo Clinic walipima 5-HTP ya madukani wakakuta ndani yake kilele kigeni, walichokiita Kilele X. Safari hii mlipuko haukutokea. Mwaka 2011 madaktari wa Marekani waliripoti mgonjwa wa EMS aliyetumia triptofani ya zama mpya, mmoja tu, lakini wa kutosha kuwakumbusha wenzao kuuliza.

Kwa mtumiaji wa leo hatari iliyo karibu zaidi haiko tena kwenye chujio la kiwandani. Iko kwenye dawa nyingine anazomeza. Triptofani na 5-HTP huongeza serotonini. Dawa nyingi za sonona, kama fluoxetini, nazo huiongeza kwa njia yake. Zikikutana, mtu anaweza kupata sumu ya serotonini: jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, joto kupanda, akili kuvurugika, na wakati mwingine kifo. Orodha ya dawa za kuepuka pamoja na triptofani ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Imo tramadoli ya maumivu. Imo dekstromethofani, iliyomo kwenye baadhi ya dawa za maji za kikohozi zinazouzwa bila cheti. Imo linezolidi, inayotibu kifua kikuu sugu. Ndiyo maana swali la mfamasia, "unatumia dawa gani nyingine?", lina kazi kubwa, na anayejibu "hakuna, natumia za asili tu" amemnyima mfamasia nusu ya habari.

Mengine ni ya kawaida lakini hayapuuzwi. Wajawazito na wanaonyonyesha hushauriwa waiache, kwa kuwa usalama wake kwao haujathibitishwa. Wenye maradhi ya ini au figo waanze kwa daktari. Haichanganywi na pombe, na dereva wa bodaboda hapaswi kuimeza kabla ya zamu, kwani usingizi ndio kazi yake. Dozi zilizochunguzwa kwa ajili ya usingizi huzunguka gramu moja. Kuipandisha kwa kubahatisha huleta kichefuchefu na kizunguzungu kabla ya kuleta faida. Maumivu ya misuli yasiyoeleweka, vipele au pumzi kubana baada ya kuanza kuitumia ni sababu ya kuacha siku hiyo hiyo na kupimwa damu nzima, kipimo ambacho hata hospitali ya wilaya inakifanya. Na chupa ihifadhiwe pamoja na namba yake ya toleo. Bila namba hizo, Minnesota na Oregon wasingefika popote.

Kwa mla ugali, njia ya kupata triptofani imetafutwa pia shambani. Mwaka 1963 Edwin Mertz, Oliver Nelson na Lynn Bates wa Chuo Kikuu cha Purdue waligundua kwamba mahindi yenye jeni iitwayo opaque-2 yana triptofani na lisini, asidi amino nyingine, karibu mara mbili ya mahindi ya kawaida. Furaha ilikuwa fupi. Punje zake zilikuwa laini kama chaki, mavuno madogo, na wadudu wa ghalani walizipenda. Huko Mexico, katika kituo cha utafiti wa mahindi na ngano cha CIMMYT, mkemia Evangelina Villegas na mzalishaji mbegu Surinder Vasal walitumia miaka mingi kuzigeuza ziwe ngumu bila kupoteza lishe, kazi iliyowapa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2000. Mwaka uliofuata Tanzania ikatoa mbegu zake za aina hiyo kupitia kituo cha utafiti cha Selian, Arusha, kwa majina ya Lishe H1, Lishe H2 na Lishe K1.

Hazikuenea sana. Jeni ya opaque-2 hujitokeza pale tu baba na mama wote wanapokuwa nayo, na chavua ya mahindi husafiri na upepo. Shamba la ekari moja la Lishe likipakana na mahindi ya kawaida ya jirani yanayotoa mbelewele wiki ile ile, punje nyingi zitarudi kuwa kama za jirani. Mkulima anaweza kupishanisha tarehe za kupanda, au kuvuna mbegu katikati ya shamba tu, au kununua mbegu mpya kila msimu. Kwa macho punje mbili hizo zinafanana, na kwenye mizani ya mnunuzi wa gulio zina bei moja.